Mahindi Meusi ya Susu

Mpishi wa shule yetu huunguza githeri, mahindi ya kuchemsha na maharagwe, kila Jumanne kwa uaminifu ambao wengine huuonyesha kwenye maombi. Wenzangu hukunja pua, kisha wanakula. Mimi ile harufu ya moshi ulioshika mahindi hunirudisha jikoni kwa Susu, nyanya yangu mzaa baba, na hamu ya kula huniisha kabisa.

Nilikuwa darasa la pili. Tuliishi Emali, na niliamini unga huzaliwa ndani ya pakiti. Oktoba hiyo Baba alipata likizo, akatupeleka sote kwa mamake, kijiji kimoja nyuma ya Kabati. Njia nzima alijisifu: yeye ni mtoto wa shamba, amelelewa na jembe. Mama, ambaye kwao ni upande wa Nyeri, alikitazama kitambi chake tu.

Tulifika na njaa ya nzige. Susu alikuwa ameenda kuchimba maji mtoni, kwenye mchanga, na mto uko mbali. Mama alitafuta cha kupika, akapata maharagwe kidogo tu. Ndipo mtoto wa shamba akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya mafiga, mahali mahindi yalipokuwa yamening'inia na maganda yake, meusi tii kwa masizi.

"Si haya hapa? Pukuchueni mpike."

"Baba Nduku, una hakika?" Mama akauliza.

"Mimi nimezaliwa hapa!"

Susu aliporudi, sufuria ilikuwa inatokota. Alitua mtungi, akatazama juu ya moto, akamtazama Baba.

"Mwanangu," akasema polepole, "umepika shamba."

Yale yalikuwa mbegu. Kwetu mahindi bora ya mavuno hutundikwa kwenye moshi ili mdudu asiyaguse, yakingoja kupandwa kwenye vumbi kabla mvua haijaanguka. Na mawingu yalikuwa tayari juu ya vilima. Baba akasema atanunua mengine Kabati.

"Ya dukani hayajui jua la hapa," Susu akamjibu.

Jirani, Mama Mutua, naye alikuwa ameshafika mlangoni. "Wueh! Mgeni wa Emali amekula mvua!"

"Basi tupande githeri," nikasema, nikitaka kumwokoa Baba, "iote ikiwa na chumvi."

Ni Susu peke yake aliyecheka. Kisha akatupakulia, akala nasi, akitafuna kila punje kama mtu anayeiaga.

Asubuhi alishika kibuyu akaenda nyumba kwa nyumba kuomba mbegu, yeye ambaye siku zote ndiye aliyeombwa. Baba alimfuata nyuma, kofia mkononi, domo lake lote limekwisha. Huku kiganja, kule kiganja. Tulipanda hadi mtaro wa pili, mbegu zikaisha. Shamba lililobaki lilikaa jekundu, tupu, na mvua ikalinyeshea hivyo hivyo.

Baada ya mavuno, basi likatuletea gunia kutoka kwa Susu, kama kila mwaka. Halikufika nusu. Dada yangu Nduku akasema utingo amelila njiani, tukacheka hadi tukalia. Baba alitoka nje.

Nimekuja kuelewa juzi juzi tu, baada ya kuanza kulima na Susu wakati wa likizo. Mbegu ya kuombwa hurudishwa kwanza, kwa kila mwenyewe. Halafu ya msimu ujao inatundikwa. Kinachobaki ndicho cha kula. Mwaka ule, kilichobaki chote kilikuwa ndani ya gunia letu.