Mawe Meupe ya Njia ya Kisiwani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa kujisifu. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Mbeya, yule Dar es Salaam, mimi nikahama kutoka chumba cha nyuma kwenda barazani, nikaweka cherehani, na ndipo nilipo mpaka leo. Safari yangu ndefu ni kwenda sokoni Songea mjini kununua uzi na zipu, na hata hiyo nikiweza namtuma bodaboda. Wateja wangu wa hapa Bombambili husema siku yangu ikifika kifo hakitapata shida, hakitauliza njia.

Kwa hiyo mama aliposema nimpeleke kisiwani, nilidhani ananitania kama kawaida yake.

"Kisiwa gani?"

"Kile cha kwetu, ziwani."

"Mama, huko siku hizi wanakwenda watalii kutembea. Mimi naanza kuhema kabla sijafika chooni."

"Ndiyo maana nimekutolea viatu vya marehemu baba yako. Vile vilikuwa vinatembea vyenyewe."

Mama ni mtu wa Ziwa Nyasa, pande za Mbamba Bay. Kabla hajahamia Songea na baba, kabla mimi sijazaliwa, walikuwa wakivuka kwenda kisiwani kumsaidia babu shamba la muhogo. Huko ndiko alikofia mtoto wao wa kwanza, dada yangu, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kubeba maji kwenye kikombe. Wakamzika huko huko. Kwa desturi yao ya enzi hizo, mtu akizikwa, chombo alichokuwa akilia chakula kilitobolewa chini kisitumike tena, kikawekwa kichwani pa kaburi. Dada alizungushiwa mawe, na kichwani babu akaweka kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, alichokitoboa kwa msumari. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa mapema. Kikombe mchwa hawakukiweza.

Miaka yote mjomba ndiye aliyekuwa akivuka kwenda kulipalilia kaburi. Mjomba naye akafariki, na mtu anayejua kaburi lilipo akabaki mmoja duniani, naye magoti yameshaanza kumgomea. Kila mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, tunakwenda kufagia kaburi la baba hapa mjini. Mama akimaliza hubaki amesimama na ufagio mkononi, kama mtu aliyebakiza chumba.

"Nikuonyeshe tu," aliniambia. "Nikiondoka unabaki wewe. Usipojua wewe, basi, hakuna tena anayejua."

Nikavaa viatu vya baba.

Siku hizi lami imefika mpaka ziwani, na kisingizio changu cha barabara kilikuwa kimekwisha. Nilitapika kwenye kona za Mbinga, mama akinishikia mfuko huku akinisimulia kwamba yeye njia hii aliwahi kuipita juu ya gunia la kahawa, akiwa na mimba yangu, na hakutapika.

Kisiwani tulivushwa kwa boti ya injini. Mtembeza wageni alikuwa mama mmoja wa rika langu, mchangamfu, amejifunga kitenge juu ya suruali. Aliniangalia nikishuka kwenye boti kwa mikono na magoti.

"Shikamoo mama. Karibuni. Huyu ni mwanao au ni mzigo wako?"

"Marahaba. Ni vyote viwili."

Akatupeleka kwenye kibao kilichochorwa njia. Zilikuwa tatu. Moja inazunguka ufukweni, juu ya mawe makubwa yaliyolala majini kama ng'ombe waliochoka. Moja inapita msituni. Ya tatu inapanda kileleni, na siku isiyo na ukungu, alisema, Malawi unaiona hiyo pale.

"Ya kwenda shamba la muhogo ni ipi?" mama akauliza.

"Shamba hakuna tena, mama. Labda hiyo ya msituni."

Njia ilikuwa nzuri, siwezi kuikana. Imefyekwa, imesawazishwa, na kila baada ya hatua chache kuna jiwe lililopakwa chokaa, kulia na kushoto, hata mtu mwenye macho mabovu asingepotea. Ziwa lilikuwa likitokeza katikati ya miti, la bluu mpaka unatamani kulikatia gauni. Nilimsifu yule mama. Nilimwambia barabara ya kwetu Bombambili haijawahi kupata urembo huo. Akafurahi, akasema kazi hiyo waliifanya wenyewe, kikundi chao, walilala huku mpaka ikaisha.

Mama alikuwa mbele. Mimi nilifuata nikikoroma kama mashine ya kusaga. Mara akasimama mbele ya jiwe kubwa lililopasuka katikati, mti umeota kwenye ufa.

"Hapa ndipo tulipokuwa tunatua mizigo," akasema, akanigeukia. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, ulikuwa wa msichana. "Njoo, baba. Tunashuka kidogo tu, mkono wa kushoto. Wako wengi hapo, utaona vyombo vyao."

Tukashuka. Palikuwa na uwanja uliofagiwa. Palikuwa na benchi linalotazama ziwa, pipa la taka, na kibao kinachosema mahali pa kupumzikia.

Mama alitazama benchi. Akatazama chini.

"Hapa palikuwa na vitu," akasema.

"Mama, usiseme," mtembeza wageni akadakia, bado anacheka. "Palikuwa pachafu hapa. Vyungu vibovu, masahani, vikombe vimetoboka, sijui nani alikuwa anakuja kutupa takataka huku kote. Tulijaza magunia."

"Mkapeleka wapi?"

"Vyungu tulifukia. Vya bati na masufuria tukawapa watu wa vyuma chakavu. Hata chokaa tulinunua kwa hela hiyo."

Nilitaka kumziba mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa sina pumzi. Mama hakupandisha sauti.

"Na mawe?"

Yule mama akafungua mdomo. Kisha akageuka, akaangalia njia tuliyojia, mawe yake meupe mstari kwa mstari, na kicheko kikamtoka usoni. Alikaa chini pale pale, si kwenye benchi, chini.

"Wallahi sikujua," akasema. "Mimi mtu wa Tunduru, nimeolewa huku. Makaburi ya kwetu siyo hivi. Na vijana wa hapa hakuna aliyesema kitu. Wao makaburi wanayoyajua ni ya saruji na vigae. Nisamehe, mama."

"Hukujua," mama akasema.

Aliinama akaanza kupapasa udongo, akitafuta palipobonyea. Walikuwa wamepasawazisha. Mimi ambaye sindano ikidondoka naiacha mpaka siku ya kufagia, nilipiga magoti nikapapasa pia, bila kujua mkono wangu unatakiwa kukutana na nini. Mtembeza wageni naye akaja, tukawa watatu, tunashika udongo kama watu waliodondosha shanga.

"Ni hapa?" nikamuuliza mama.

"Labda." Akasogea. "Au hapa. Alikuwa mdogo. Kaburi lenyewe lilikuwa dogo."

Nikamwambia tuchague mahali. Tuweke jiwe, nikirudi nije na msalaba wa chuma, niupake rangi. Tuseme ni hapa, Mungu anajua. Niliona nimesema jambo la maana.

"Halafu niwe nimekudanganya?" mama akasema. "Uje kila mwaka kumfagilia mtu mwingine?"

Wakati huo wakatokea wageni, vijana kwa wasichana wamevaa fulana za rangi moja, wakitokea kileleni. Walituamkia vizuri, wakajipanga kwenye benchi, mwenye simu akarudi nyuma kutafuta picha.

"Bibi, samahani, tusogelee kidogo. Unatokea."

Mama akainua mguu ili asogee, ukabaki hewani. Hakujua auweke wapi. Nilimshika kiwiko, lakini hata mimi sikujua nimvutie upande gani. Vijana wakasubiri kwa adabu. Mwisho aliushusha, akafumba macho.

Walipoondoka nilimwambia zipo njia nyingine mbili. Tuzipite zote, pengine kumbukumbu imemchanganya, pengine jiwe lililopasuka liko jingine. Nilikuwa tayari kuzunguka kisiwa kile mpaka viatu vya baba viishe, na nilimwambia hivyo.

"Hapana. Jiwe ndilo lile," akasema. "Twende."

Kushuka alipita katikati ya njia, akiangalia mawe. Mara mbili tatu aliinama akagusa jiwe, akaangalia chokaa kwenye vidole, akaendelea. Mtembeza wageni alikuja nyuma yetu. Kwenye boti alimshika mama mkono kwa muda mrefu, na mama akamwacha aushike.

Novemba ilipofika mama alisema magoti, nikafagie kwa baba peke yangu. Nilikwenda. Alikuwa sahihi kuhusu magoti, lakini sokoni alikuwa anakwenda.

Wiki iliyopita nilimpeleka hospitali kwa ajili ya hayo magoti. Nesi alikuwa akimuuliza maswali yao ya kawaida, umri, dini, uzazi. Swali la watoto nimelisikia akiulizwa tangu utoto wangu, kanisani, kwenye vikundi, na wageni, na siku zote hujibu wawili, mmoja yuko ziwani. Niliwahi hata kumwonea dada wivu, kwa jinsi alivyokuwa akitajwa kama mtu aliyesafiri.

"Watoto wangapi, mama?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimeshika mkoba wake.

"Mmoja," akasema. "Huyu hapa."