Sarafu Isiyowahi Kuvaliwa

Wauzaji wa sarafu za zamani huko mtandaoni walimjua Crisanto Tiul bila kumwona sura. Wapo ambao, wakiliona jina lake kwenye mnada, walirudi haraka kuyasoma upya maelezo waliyoyaandika wenyewe. Ukimwambia sarafu haijasafishwa, ataiweka chini ya lenzi atafute mikwaruzo ya kitambaa. Ukimwambia ni fedha tupu, ataipima, kisha ataigonga kwa kucha na kuisikiliza inavyolia. Ikiwa si kama ulivyosema, hatukani. Hupiga picha, huchora mshale mwekundu, huandika: "Mheshimiwa, tafadhali tazama hapa." Na wewe, kama una akili, unarudisha pesa.

Kwetu Cobán, Guatemala, alikuwa kinyozi tu. Kibanda chake kiko kwenye mteremko nyuma ya soko: kiti kimoja, kioo kimoja, benchi la wanaosubiri, na nje yale manyunyu yetu yasiyojua msimu. Sisi wa benchini, mimi rafiki wa familia nikiwemo, tulimtania.

"Fundi, leo umemfilisi nani?"

"Kuna mmoja wa ng'ambo. Aliniuzia bati akaliita fedha."

"Nywele zangu je? Nazo utazirudisha nisiporidhika?"

"Zako hata mnadani hazina mnunuzi, kaka. Inamisha kichwa."

Hakuwa anakusanya kwa kujifurahisha. Binti wa kwetu haolewi shingo tupu. Huvaa chachal, mkufu mzito wa shanga na sarafu za fedha za enzi za wafalme wa Hispania na za jamhuri za mwanzo, kila sarafu na kitanzi chake, na kila kitanzi kina jina la mtu: hii ilikuwa ya bibi, hii ya mama yake bibi. Mama yake Crisanto, bibi Candelaria, alikuwa na mkufu wake. Alivuliwa njiani mwaka ule mbaya wa vita, Crisanto akiwa mgongoni. Aliyemvua alikuwa na buti za jeshi. Zaidi ya hapo bibi hasemi.

Kwa hiyo Irma, binti pekee wa Crisanto, hakuwa na cha kurithi. Baba yake akaanza kumtafutia sarafu tangu akiwa mdogo, moja moja, kwa sharti moja la bibi. "Iwe haina mtu," alisema. "Mjukuu wangu hatavaa mwanamke nisiyemjua jina." Ndiyo maana Crisanto alikuwa mkali vile. Alichokitafuta kilikuwa sarafu iliyolala kabatini, sarafu ya wanaume wenye albamu na glavu, isiyojua jasho la shingo ya mtu.

Harusi ilipokaribia, ilibaki moja tu, ile ya katikati ya mkufu. Akaipata kwa muuzaji wa jiji kuu, Wenceslao Barrundia: sarafu kubwa ya reali nane, upande mmoja jua linachomoza nyuma ya milima, upande wa pili mti. Maelezo yalisema: haijawahi kuvaliwa wala kutobolewa, ukingo kamili, kutoka mkusanyiko wa familia moja. Crisanto akaomba picha ya ukingo, akaletewa, akaikuza mpaka macho yakamwuma. Akashinda mnada.

Kifurushi kilifika yeye akiwa kazini. Irma akakifungua mbele ya bibi yake.

"Soma tena," bibi akasema.

"Haijawahi kuvaliwa, bibi. Si imeandikwa hapa?"

"Na huyo mwanamume anajuaje?"

"Ndiyo kazi yake kujua."

"Kazi yake kuuza." Lakini tayari alikuwa anasaga kakao.

Kwetu kitu kipya kikiingia nyumbani hulishwa. Nyumba hulishwa, jiwe la kusagia hulishwa. Nimeshaona hata redio ikilishwa. Bila hivyo kinakaa ndani kama mgeni aliyenuna, na siku moja kitakula chenyewe. Bibi Candelaria akaipaka sarafu kakao pande zote, akaifukiza kwa ubani, akaidondoshea mchuzi wa bata mzinga. Akaiambia kwa sauti ile anayoitumia kwa watoto wachanga: "Hapa ndipo kwako. Huyu ni Irma. Wewe ni wake, na yeye ni wako."

Crisanto aliporudi akashika kichwa. "Mama! Si niliomba isiguswe mpaka niikague?"

"Sijaigusa. Nimeilisha."

"Na nikitaka kuirudisha?"

"Nani humrudisha aliyekwisha kula?"

Akachukua kitambaa akaifuta polepole. Mafuta ya kakao yakatoka kwenye jua, yakatoka kwenye mti. Juu kabisa, pale ukingoni, hayakutoka. Yalikuwa yamejificha kwenye mistari myembamba, mingi, sambamba, iliyopigwa kwa tupa na kung'arishwa hadi picha isiione. Mahali hapo paliwahi kuwa na kitanzi. Mtu alikikata, akasawazisha, akachonga upya meno ya ukingo. Crisanto akaigeuza. Jua lilikuwa bado na makali ya chapa. Mti, ambao kwenye picha aliudhania umechapwa hafifu tu, ulikuwa umelika ukawa kama moshi. Upande huo ndio uliolalia kifua.

Bibi alikuwa akimtazama uso.

"Ina mtu," bibi akasema.

Hasara ya sarafu angeimeza. Kilichomnyima raha ni kile kilichokwisha kusemwa. Walikuwa wamemkaribisha mwanamke wasiyemjua, wakampa chakula, wakamwambia Irma ni wake. Kumwondoa kuna njia yake: unamwita kwa jina, unamwomba radhi, unamwonyesha mlango. Bila jina huwezi. Na harusi ilikuwa inakuja.

Nyumba ikabadilika. Bibi alisema anasikia harufu ya kuni mbichi na mahindi yaliyoungua, harufu ya milimani, walikokimbilia wakati ule. Irma alicheka siku ya kwanza. Siku iliyofuata alikuwa anafungua madirisha, mvua inaingia, naye anauliza nani amechoma mahindi. Mbwa akahamia kwa jirani. Na kibandani, mimi mwenyewe nikiwa kwenye kiti na shuka shingoni, nilimwona Crisanto akiliangalia benchi kupitia kioo na kusema, "Subiri kidogo, nakuja kwako." Benchi lilikuwa tupu. Alipogundua, wembe ukabaki hewani, mbali na shingo yangu.

Irma alimwuliza bibi kile tulichokuwa sote tunakiogopa. "Labda ni yako, bibi. Labda imerudi yenyewe."

"Yangu ningeijua hata gizani," bibi akajibu. "Hii si yangu. Kuna mwingine angeijua gizani, na hajaja kuidai. Hapo ndipo ninapoogopa, mwanangu."

Crisanto akamwandikia Barrundia. Picha, mshale mwekundu, mheshimiwa tazama hapa. Barrundia akajibu kwamba ni mkwaruzo wa kawaida wa matumizi. Crisanto akatuma picha nyingine. Barrundia akakubali kumpunguzia bei. Crisanto akaandika kwamba hataki kupunguziwa, anataka kujua ilikotoka. Ndipo simu ikalia kibandani; wembe mkononi, akaiweka kwenye spika.

"Don Crisanto! Hatimaye namsikia kinyozi mwenyewe. Sisi huku tunakuogopa kuliko watu wa kodi."

"Kitanzi ulikikata wewe, don Wenceslao?"

"Unaona? Hata salamu hakuna."

"Ulikikata wewe?"

Yule bwana akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilivikata vyote. Sarafu yenye kitanzi ni pambo, hainunuliwi. Bila kitanzi ni historia. Ndivyo soko lilivyo, rafiki yangu."

"Vyote vipi? Zilikuwa ngapi?"

"Kopo la maziwa ya unga, limejaa mpaka mdomoni. Mzee mmoja alikufa, mwanawe akaniletea. Nikaandika ni mkusanyiko wa familia. Uongo uko wapi? Ilikuwa familia."

"Mzee huyo alikuwa anafanya kazi gani?"

Tuliokuwa benchini tulisikia kiti kikisogezwa upande ule.

"Alikuwa kazini huko kwenu," Barrundia akasema. "Miaka ile."

"Majina je? Yalikuwepo majina? Kijiji?"

"Majina ya nani?"

"Ya wanawake."

"Don Crisanto, zilikuwa zimefungwa pamoja kwa waya kama samaki. Hakuna aliyeandika majina." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nirudishie tu. Nitakulipa yote, hata gharama ya posta."

"Mama yangu ameshailisha."

"Ameifanya nini?"

Crisanto akamweleza, kwa utaratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini nywele zake zinakatika. Barrundia hakutania tena. Kesho yake pesa zilikuwa zimerudi zote, pamoja na ujumbe mfupi: "Usiirudishe. Tafadhali usiitume kwangu." Ameshinda mashauri mengi Crisanto, na mara zote alituonyesha simu yake akijigamba. Safari hii aliizima akaiweka kifudifudi.

Mashaka yakamrudia nyumbani. Mafuta ya kakao yalikuwa yameona kile ambacho lenzi yake haikuona. Basi zile nyingine? Alizitoa zote, sarafu alizozikagua na kuzithibitisha mwenyewe tangu Irma akiwa anang'oa meno ya utoto, kutoka kwa wauzaji wa kila upande. Akamwomba mama yake kakao. Bibi akamsogezea bakuli bila kumwangalia. Akazipaka, akazifuta, moja baada ya nyingine, na Irma akishika taa. Baadhi zilitoka safi. Kwenye nyingine ule weusi ulibaki palepale, juu, kwenye mistari myembamba, kama nyusi.

"Hii pia," Irma alikuwa akisema. "Na hii. Baba, na hii."

"Nimeona."

"Hii nilipewa nikiwa darasa la kwanza. Nililala nayo mkononi."

"Nimeona, mwanangu."

Bibi Candelaria akainuka. Akapanga vikombe mezani, kimoja kwa kila sarafu yenye kovu, akavimiminia kakao na kutia iliki, kwa sababu wageni wakishaingia hawawezi kukaa bila kinywaji. Kisha akasema nao kwa lugha yetu. Aliwaambia kwamba hatuwajui, kwamba si sisi tuliowavua, kwamba msichana huyu ana watu wake na hawezi kuwa wa wote hao. Alingoja kidogo. Nilimwuliza baadaye kama walijibu. "Walikunywa," alisema, na mimi nilivitazama vile vikombe, na sitaandika hapa nilichokiona, kwa sababu mvua ilikuwa inavuja na huenda nilikosea.

Ya harusi sasa. Asubuhi ile Irma alitoka nyumbani shingo tupu; sarafu zote, hata zile zilizotoka safi, aliziacha mezani na vikombe, maana hakuna aliyeziamini tena. Barabarani watu waligeuka kutazama. Mwanamke mmoja wa sokoni akasema kwa sauti, ili asikike, "Heh, kinyozi mzima na sarafu zake zote, binti anaolewa kama aliyeokotwa!" Crisanto alikaza mwendo kana kwamba amesemwa mtu mwingine.

Mlangoni mwa kanisa alikuwa amesimama mama yake bwana harusi, doña Natividad Choc, chachal yake ikimfunika kifua kizima. Alimtazama Irma, akaelewa nusu, akaanza kufungua kifungo cha mkufu wake mwenyewe.

"Njoo, mkwe wangu. Vaa wangu. Huwezi kuingia hivyo."

"Sarafu zake ni za akina nani, mama?" Irma akauliza. Aliuliza kwa heshima.

Doña Natividad akatabasamu, maana hilo ni swali ambalo mwanamke wa kwetu hufurahia kuulizwa. "Hii ya bibi yangu Juana Xol. Hii ya dada yake, Petrona. Hii ya mama, Mungu amrehemu, Dominga Ical. Hii..." Kidole kikasimama juu ya sarafu kubwa, nzuri kuliko zote. Kikaipapasa. "Hii mume wangu aliniletea. Wakati ule. Alisema aliipata kwa bei nzuri."

Padri alikuwa anatuita ndani. Doña Natividad akabaki na mkufu mikononi, akiuangalia, kisha akauangalia umati wa wanawake waliovaa mikufu yao, na yule mumewe aliyekuwa mbele akihimiza watu waingie.

Akaukunja mkufu taratibu, akaufunga ndani ya skafu yake. Akamshika Irma mkono. Wakaingia wote wawili shingo tupu, na njia nzima hadi madhabahuni niliwaona wanawake kwenye viti, mmoja mmoja, wakipeleka mkono shingoni na kuanza kutaja majina kwa midomo isiyotoa sauti.