Mama Mkwe na Majoramu Yangu

Mbegu za majoramu, kiungo cha majani, nilipewa na mgeni mmoja, miaka ile nilipokuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni hapa Kigoma. Alinieleza kuwa kwao huitia kwenye nyama, supu na maharage, na siku ya kuondoka akaniachia pakiti. Nilipoifungua nyumbani, mtaa wa Rusimbi, nilidhani nimepewa vumbi.

Nilikata madumu mawili ya mafuta ya mawese ubavuni, nikayatoboa chini, nikajaza udongo uliochanganywa na mchanga, kwa sababu mmea huu hautaki maji yatuame. Mbegu sikuzifukia, nilizinyunyiza juu nikazikandamiza kwa kiganja. Zilikaa karibu wiki mbili ndipo zikaota. Zilipopata nguvu nilizihamishia kwenye tuta dogo nyuma ya jiko. Majani yake ni madogo, laini, ya kijani chenye kijivu, na harufu yake inakaribia ya mrehani, ila ni ya upole zaidi.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amehamia kwetu kutoka kijijini, Kasulu, baada ya baba mkwe kufariki. Maisha yake yote alikuwa mkulima. Kwetu mjini hakuwa na shamba, wala mtu wa kuongea naye Kiha mchana tukiwa kazini. Alikuwa anakaa kwenye mkeka akichambua maharage ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amesimama nyuma ya jiko na jembe, uso umechangamka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, nimekusafishia bustani. Magugu yalikuwa yameshaimeza."

Niliangalia. Bamia zilikuwepo, nyanya zilikuwepo. Majoramu haikuwepo hata shina moja.

"Nani alikuomba?" nilimwambia. "Yale hayakuwa magugu. Nimeyalea miezi minne!"

Aliegemeza jembe ukutani, akanawa mikono taratibu, akaingia ndani. Jioni alisema hana njaa. Mume wangu aliponiuliza kuna nini, nilimweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia vibaya. Mama alikuwa ameniletea kazi ya mikono yake, kitu cha kwanza alichokifurahia tangu msiba.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi chumbani, sikumkuta. Alikuwa kwenye shimo la taka, ameinama, anachambua mashina yaliyonyauka na kuyaweka kwenye beseni la maji.

"Mama, nisamehe kwa maneno ya jana."

"Nami nisamehe. Kwetu mmea usiojulikana hung'olewa." Akanyanyua shina moja. "Hili bado bichi. Lete kisu."

Alinifundisha kitu ambacho mgeni wangu hakunieleza. Tulikata vipande vya urefu wa kidole, tukapukutisha majani ya chini, tukavichomeka kwenye mchanga mbichi na kuvifunika na jani la mgomba. Yeye ndiye aliyekuwa akivinyunyizia maji. Vipande vingi vilioza. Vinne vilishika mizizi.

Tulipovuna, nilipika samaki aina ya migebuka kwa nyanya na kutia majani machache mwishoni. Mama alionja, akaweka kijiko chini.

"Inanuka dawa."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Lakini kwenye maharage mama aliipenda. Akawa anakata vitawi kabla havijatoa maua, anavianika kivulini juu ya ungo, kisha anavifikicha na kuweka kwenye chupa. Jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alikuja kuuliza harufu ile ni ya nini. Mama alimtolea kipande cha kupanda na maelezo marefu, nusu Kiswahili nusu Kiha, na kuanzia hapo wakawa wanakwenda soko la Mwanga pamoja.

Alikaa nasi miaka miwili, halafu akasema anarudi kwake, shamba lisije likawa pori. Alipanda basi na kopo la majoramu mapajani, akamkataza kondakta kuliweka kwenye buti. Baada ya wiki alipiga simu kusema amefika salama, amelima, na mbuzi wa shemeji yangu wameila majoramu yote koponi mpaka udongoni. Nilimtumia vipande vingine kwa mtu aliyekuwa akienda huko, vimefungwa kwenye kitambaa kibichi.