Waliopiga Sakafu ya Malindi

Khamisa binti Usi hakualikwa na mtu kwenda kuutazama ule ukuta. Alikwenda mwenyewe, asubuhi ya siku ya tamasha, kajifunga kanga mpya na moyo wake mweupe kabisa, kwa sababu alisikia vijana wa skeiti wamechora watu wote walioliinua lile ghala bovu la mtaa wa Malindi, na yeye alijua ni nani walioliinua. Alipofika akautazama ukuta kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akautazama tena. Kisha akasema, "Ebo!" Watu waliokuwa wakitundika vibendera wakageuka wote.

Lakini mpaka mmjue Khamisa ni nani ndipo mtajua kwa nini alisema ebo.

Khamisa ni mtu wa sakafu. Mama yake alikuwa mtu wa sakafu, na mama wa mama yake. Zamani nyumba za mawe za mjini hazikumwagiwa saruji. Ziliwekwa boriti, juu ya boriti mawe, juu ya mawe kokoto na chokaa, halafu wanawake wakapanda kuipiga. Walipiga kwa kipande, nacho ni kigogo cha mti chenye mkono, uso wake bapa. Wanakaa mstari mmoja, wanaimba, wanapiga, wanarudi nyuma kidogo, wanapiga tena, siku nenda siku rudi, mpaka chokaa na kokoto vinashikana kama jiwe moja. Na nyimbo zao hazikuwa na adabu sana kwa wenye nyumba:

*Piga we mwenzangu piga, tajiri kalala ndani,*
*Kesho mvua ikija, asilowe kitandani.*

Khamisa alianza na miaka kumi na moja, akichota maji. Alipokuwa mwari alishaingia mstarini, na baadaye akawa yeye ndiye anayeongoza nyimbo. Kisha yakaja mabati, ikaja saruji, kazi ikafa. Khamisa akafua mashuka ya nyumba ya wageni Shangani miaka na miaka. Mume wa kwanza alikufa. Wa pili akamwambia, "Mwanamke wa heshima hapandi mapaa ya watu. Hebu kichome hicho kigongo. Chagua, mimi au hicho." Khamisa alichagua kigongo. Mpaka leo ukimuuliza atakwambia, mume wa namna ile utampata sokoni Darajani siku yoyote, lakini kipande cha mfenesi alichokiacha mama hukipati tena.

Sasa, pale Mkunazini anapokaa ana jirani, msichana anaitwa Yusra. Huyo Yusra anapanda skeiti. Ni ubao una magurudumu manne, unasimama juu yake, unasukuma kwa mguu mmoja, unakwenda. Watu walimsema sana. Mtoto wa kike, na mtandio wake, anarukaruka na wanaume! Khamisa hakumsema. Aliyepanda mapaa ya watu ana la kumwambia nini aliyepanda ubao?

Siku moja Yusra akapita barazani, mkono umefungwa plasta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeanguka mnazi?"

"Nimeanguka kwenye sakafu yetu ya ghalani, bibi. Ina mashimo, gurudumu limeingia nikaruka mimi."

"Sakafu ya lini hiyo yenye mashimo?"

"Haijatimia mwaka."

Khamisa akavaa makubadhi yake saa ile ile, wakaenda.

Alichokiona huko hakukipenda. Ukuta wa ghala ni wa mawe na chokaa, wa tangu enzi, na chini pamemwagwa saruji ya juzi, saruji yenyewe imechanganywa na mchanga wa pwani. Sakafu ilikuwa inatoka chumvi, inabanduka magamba kama kichwa chenye mapunye. Khamisa akaikwaruza kwa ufunguo wa nyumba yake, ikatoka unga.

Msimamizi wa ghala, Haitham, kijana mwenye simu mbili, akasema, "Bibi, fundi Matar, aliyeimwaga, ametuambia huu ni unyevunyevu tu."

"Fundi Matar kauleta mchanga na bahari yake ndani, halafu anakwambieni unyevunyevu! Huyu ni fundi au mvuvi?"

Ndivyo ilivyoanza. Khamisa aliwakusanya wenziwe waliobaki, wakawa sita pamoja na yeye, mdogo wao ana miaka hamsini na tisa. Wa mwanzo kumwendea alikuwa Mwanapili binti Shaame, mtu wa Tumbatu, shoga yake tangu siku za kuchota maji. Mwanapili kifua kilikuwa kibovu zamani, na mwanawe alimkataza. Alikuja. Khamisa aliweka sharti mbili tu: chokaa ilowekwe wiki mbili kabla haijaguswa, na asitokee mtu akawaharakisha.

Walipiga siku kumi na moja. Vijana walibanjua saruji ya zamani, wakaleta kokoto na kuchota maji, hilo haki yao tuwape. Haitham aliuliza kama hakuna mashine. Matar alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni mikono mfukoni, akajipiga picha, akaondoka. Na sakafu ilitoka laini, ngumu, ubao unapita juu yake kama mtu anavyopitisha kiganja kwenye hariri. Vijana walilia kwa furaha. Walimbusu Khamisa mikono.

Baada ya miezi minne, katikati ya Shaaban, Mwanapili akafa. Ile ilikuwa sakafu yake ya mwisho.

Haya, sasa turudi ukutani.

Ukuta ulichorwa na Himid, kijana fundi wa rangi, ndiye anayewafundisha watoto kuchora mbao za skeiti zilizovunjika. Wanazipaka nakshi za milango na maua ya kanga, wanazitundika, zinapendeza kweli. Mkono wake si mbaya. Kawachora vijana wako hewani na mbao zao. Kamchora Haitham na karatasi zake. Kamchora Matar mkubwa kama mnara, kashika pimamaji, na chini yake maandishi. Khamisa herufi anazijua, ila haziendi mbio. Akazisoma moja moja: SAKAFU NA FUNDI MATAR.

Na kule pembeni, karibu na choo, kawachora wanawake sita wamekaa chini. Mbele yao masufuria matatu yanatoka mvuke. Kila mmoja kashika mwiko. Chini yao: AKINA MAMA WALIOTUPIKIA.

Ndipo Khamisa aliposema ebo.

"Himid! Njoo hapa. Nani kakwambia sisi tulipika?"

Himid akashuka ngazini, brashi mkononi. "Nilipewa picha, bibi. Mimi nilikuwa Kiwengwa wakati ule, sikuwapo. Nikaona kina bibi wamekaa chini mstari, wameshika miti..."

"Ukaona mwanamke kashika mti, ukaona wali!"

"Nisamehe, bibi."

"Na huyu wa mwisho, huyu si Mwanapili? Mwanapili, Mungu amrehemu, hajapata kupika chungu kikaliwa! Wali wake bokoboko, bokoboko lake uji. Mumewe alikuwa akenda kula kwa dada yake, Malindi nzima inajua. Kapiga sakafu miaka arubaini, kafa, leo wewe unampa mwiko aushike mpaka Kiyama!"

Watu wakacheka. Khamisa hakucheka. Haitham akaja mbio. "Bibi, bibi yangu, punguza sauti. Tutarekebisha, nakuahidi, tamasha likisha. Mgeni rasmi anakuja saa kumi."

"Ukisha kumwonyesha mgeni uwongo, huo si uwongo tena. Unakuwa historia."

"Si uwongo, bibi. Ni shukrani."

Khamisa akageuka, akatoka. Haitham akashukuru Mungu. Mapema mno!

Baada ya sala ya adhuhuri ghala lilikuwa limejaa. Watoto na kofia zao ngumu kichwani, wazazi, wageni na kamera zao, muziki, madafu. Mashindano yako tayari kuanza. Mara wakaingia wanawake watano, mabuibui meusi, kila mmoja na kipande chake mkononi. Wakapita kati ya watu bila ya kumtazama mtu. Wakafika katikati ya sakafu, pale pale mbao zinapopita, wakakaa. Mashavu, ambaye ana maradhi ya nyonga, alikuja na mto wake wa kukalia. Muziki ukazimwa.

"Bi Khamisa," Haitham akachutama mbele yake, "unataka nini? Niambie tu."

"Nataka masufuria yatoke ukutani. Na nataka majina yetu, la kwanza la Mwanapili."

"Kesho asubuhi, wallahi."

"Basi na sisi tutaondoka kesho asubuhi. Mashavu, umekuja na dawa yako?"

"Nshakuja nayo," akasema Mashavu. "Na ya usiku pia."

Ndipo Matar alipopasua watu akaja, shati jeupe, kalamu mfukoni. Akacheka cheko la kumbembeleza mtoto. "Bibi zangu, mlisaidia, nani kakataa? Lakini kazi lazima iwe na fundi anayesimamia. Ndiyo utaratibu."

"Vizuri, msimamizi," Khamisa akasema. "Nikuulize moja, ujibu watu wasikie. Tulijuaje kuwa sakafu hii imeiva, tukaacha kupiga?"

Matar akaitazama sakafu. Akamtazama Haitham. "Si... baada ya saa ishirini na nne?"

Mashavu alicheka mpaka akalala chali juu ya mto wake. "Saa ishirini na nne! Jamani, mtu huyu anachachua unga wa maandazi!"

Khamisa akainua kipande cha mama yake, akapiga sakafu mara moja. Sauti ikatoka kali, ikapanda mpaka kwenye boriti. "Mmesikia? Sakafu mbichi ukiipiga inajibu kwa kifua, kama mtu mwenye mafua. Iliyoiva inajibu hivi. Haina saa, ina sikio. Na sikio letu alikuwa Mwanapili. Siku ya tisa sisi wote tulichoka, tukasema imetosha. Mwanapili akasema pembe ile bado. Tukamwambia kaa kitako, unakohoa. Akenda akapiga peke yake. Akipiga anakohoa, akikohoa anapiga, mpaka tukaona haya tukarudi mstarini. Kapiga siku mbili nyengine. Pembe yenyewe ile, mnapowasimamisha watoto wadogo wajifunze. Haya niambieni, alikuwa anakoroga nini pale?"

Yusra akatoka kundini. Akaugeuza ubao wake, magurudumu juu, akauweka chini, akakaa kando ya Khamisa. Kijana mwengine akafanya vile vile. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka sakafu nzima ikajaa mbao zilizolala chali na watoto waliokaa. Matar akasema ana simu, akatoka nje.

Haitham akajipangusa jasho. "Himid. Lete chokaa nyeupe."

Himid akapaka masufuria yakazama. Kuigeuza miiko iwe vipande haikuwa kazi rahisi, kwa sababu Khamisa alikuwa anamsimamia kwa sauti kutoka chini alikokaa. "Panua uso wake! Zaidi! Hiyo ni sakafu, si uji! Na Mwanapili mnyooshe mgongo, hajapata kupinda." Kisha akauliza, "Na lile jina la fundi Matar?" Likapakwa nalo.

Haitham akachukua penseli. "Niandike: Akina mama wa sakafu."

"Akina mama ni nani?" akasema Khamisa. "Wewe umeandikwa akina baba?"

Ikaandikwa kama alivyotaja Khamisa, kila mtu na baba yake, na Mwanapili binti Shaame juu ya wote. Himid alipofika jina la nne, gari ikasimama nje. Mgeni rasmi. Utepe mwekundu ulikuwa mlangoni, mkasi kwenye sahani, na hakuna aliyekumbuka kumpokea. Wakaingia, yeye na watu wake, wakakuta mashindano hayakuanza, rangi inadondoka, na vikongwe watano wamekaa katikati wameshika magogo.

"Kuna nini?" akauliza mgeni.

"Kazi inamalizwa," akasema Khamisa, wala hakuinuka. "Subiri kidogo, majina mawili yamebaki."

Mgeni rasmi akasubiri. Alisubiri amesimama, kwa sababu viti vilikuwa upande wa pili na hapakuwa na njia ya kupita. Himid alipomaliza, Khamisa akamwambia Yusra, "Nisomee yote. Polepole." Yusra akasimama akasoma. Khamisa akasikiliza kila jina, na lake alilipita kama la mtu mwengine. Kisha akamshika Mashavu mkono, wakainuliwa wote wawili kwa taabu.

Mgeni alikuwa mtu wa adabu. Akasogea, mkono mbele. "Hongereni sana, mama zangu. Na huyu aliyeandikwa juu, Bi Mwanapili, ni yupi kati yenu? Nataka nianze na yeye."

"Umechelewa," Khamisa akamwambia. "Yuko makaburini Mwanakwerekwe tangu Shaaban. Na ungekuja kabla ya hapa kidogo, ungeonyeshwa anapika."

Akachukua kipande chake akaenda zake, hakungoja soda wala picha.