Tanuri Lililozimwa kwa Ajili ya Suti

Kiwanda cha vigae kilipofunguliwa nje kidogo ya Kisumu, nilikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuajiriwa. Kazi yangu ilikuwa kugonga. Kigae kikishatoka kwenye tanuri na kupoa, nakigonga kwa kidole: kikilia kama kengele, ni kizima, kikilia kama ubao, kina ufa. Miaka ile ya kwanza, kengele zilikuwa nyingi. Mtaani Kaloleni nilikoishi, watu waliozoea sakafu za simenti tangu enzi za babu zao wakaweka vigae, wakaanza kutuambia tuvue viatu mlangoni. Kanisa letu liliweka vigae hadi madhabahuni. Mchungaji akateleza mara mbili Jumapili moja, akasema ni shetani.

Aliyekijua kiwanda ni mzee mmoja, fundi wa tanuri. Aliyekisemea ni mkurugenzi, mtu wa tai, ambaye ofisi yake mwenyewe ilikuwa na vigae vya kutoka ng'ambo. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila haya: "Mama, hivi vyetu ni vya wananchi."

Siku moja tukaambiwa wageni wakubwa wanakuja kutazama kazi. Mkurugenzi akapita kukagua, jasho likamtiririka mbele ya tanuri.

"Mzee, zima hii kitu. Wageni wanakuja na suti."

Fundi akacheka, akidhani ni mzaha. "Boss, tanuri si taa ya choo. Hupozwa polepole, siku kadhaa. Ukilizima ghafla litapasuka."

"Nani mkurugenzi hapa?"

"Ni wewe, boss. Lakini moto haujui hiyo."

Alifukuzwa papo hapo, na mkurugenzi akalizima tanuri kwa mkono wake mwenyewe.

Wageni walikuja, wakakaa wakavu. Walikunywa soda, wakavaa kofia ngumu, wakapigwa picha. Katikati ya hotuba, ndani ya tanuri kukaanza kulia pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria. Mgeni mmoja akauliza ni nini.

"Hiyo," mkurugenzi akasema, "ndiyo sauti ya uzalishaji."

Siku vigae vile vilipotolewa, niligonga tangu asubuhi hadi saa saba. Hakuna hata kimoja kilicholia vizuri. Kuta za tanuri zenyewe zilikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Vipuri vikaagizwa. Tukaambiwa viko njiani, halafu viko bandarini, halafu tukachoka kuuliza. Madukani mjini, vigae vya ng'ambo vilichukua nafasi yetu. Tukarudishwa nyumbani, eti kwa muda.

Fundi nilimkuta baadaye Asembo Bay, akiwajengea wanawake majiko ya kukaushia samaki.

"Hawa wananisikiza," aliniambia. "Nikisema moto upunguzwe, unapunguzwa."

Mkurugenzi naye nilimwona mwaka jana, katika semina ya viwanda kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Kikundi chetu cha akina mama kilialikwa. Yeye ndiye aliyekuwa mzungumzaji mkuu. Alieleza kwa uchungu jinsi uvivu wa wafanyakazi ulivyoua kiwanda chetu. Nikasimama.

"Boss, mimi ndiye niliyegonga vile vigae vya mwisho. Waambie watu ni nani aliyezima tanuri."

Mkurugenzi akatabasamu kwenye kipaza sauti.

"Swali zuri sana, Mama. Nitalijibu baada ya chakula."

Nilipotoka kunawa mikono, gari lake lilikuwa limeshaondoka. Nikala samaki wangu na ugali, kisha nikamwambia mhudumu aniletee na sahani ya mkurugenzi.