Shangazi Yake Kifungo

Alipozaliwa alikuwa mdogo, mviringo, amejikunja, hata mkunga akacheka: "Huyu si mtoto, ni kifungo cha koti." Jina likaganda. Alikuwa na jina jingine la kuandikishia, lakini nyumbani, mtaani na saluni alikofanya kazi mama yake, yeye alikuwa Kifungo, na mama yake akawa Mama Kifungo. Usione ni jambo dogo. Mama huyo, msusi, alikuwa amefika umri ambao ndugu walishachoka kumuuliza atazaa lini, wameanza kumhurumia, na huruma ya ndugu inachoma kuliko maswali yao. Miaka yote alikuwa "dada msusi," au "wewe wa kona." Siku ya kwanza kuitwa Mama Kifungo aligeuka kuona anaitwa nani, kisha akacheka peke yake mpaka mteja akamuuliza kulikoni. Baba wa mtoto alikuwa ametoweka mimba ilipoanza kuonekana, na hakuna aliyejisumbua kumtafuta.

Mambo yaliharibika kwenye bustani ya wanyama, Jumapili moja, mtoto akiwa na miaka minne.

Pale bustanini palikuwa na simba mzee ambaye mji mzima ulimwita Babu. Wanaume wenye ndevu zao walikuwa na picha za utotoni wamesimama mbele ya ukuta wa shimo lake. Manyoya ya shingo yalikuwa yamepukutika, alitembea kwa kujivuta, mchana kutwa alilala, na akipiga miayo watoto walipiga makofi. Kifungo alimpenda kupita kiasi. Siku hiyo mtoto alikuwa na mafua. Mama alimwachia mkono ili afungue mkoba, atafute kitambaa amfute makamasi. Ni hivyo tu. Kitambaa kilikuwa chini kabisa, chini ya kitana na funguo, na alipoinua kichwa mtoto hakuwepo pembeni yake. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, chini shimoni, amekaa kitako anashangaa.

"Kifungo! Kifungo! Kifungo!" Sauti hiyo ilinaswa kwenye simu ya mtu, na baadaye nchi nzima iliisikia. Babu aliinuka, akajivuta mpaka alipokuwa mtoto, akamnusa kichwani, halafu akaweka mguu wa mbele juu ya paja lake, akatulia hivyo. Labda alitaka kumla. Labda alitaka mwenzake wa kukaa naye. Hakuna ajuaye, na wote waliosema wanajua wamesema uongo. Askari wa bustani naye hakujua, akapiga risasi. Kifungo akatolewa na mkwaruzo pajani, basi. Mama yake alipomkumbatia alisikia harufu ya simba kwenye nywele za mwanawe, na juu ya bega la mtoto akamwona Babu amelala ubavu, macho wazi. Akamlilia na yeye. Hicho kilio hakuna simu iliyokinasa.

Kabla jua halijazama hukumu ilikuwa imeshatoka. "Mama gani yule?" Neno lilikuwa hilo hilo, redioni, kwenye simu, kwenye foleni za benki. Picha ilimwonyesha kwa nyuma, kichwa kimeinama, na watu wakaapa kwamba alikuwa anachezea simu. Simu yake ilikuwa nyumbani, inachajiwa. Sasa nani wa kumwambia? Watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kwenda kumwona yule simba walimlilia hadharani kama waliofiwa na mzazi. Mishumaa na maua vikajaa getini, fulana zenye uso wa Babu zikachapishwa, zikagombaniwa. Mmoja aliandika kwamba heri wangempiga risasi mtoto, watoto wako wengi, na maelfu wakamuunga mkono. Walikuwa watu wenye watoto wao, wanaoandika hayo huku mtoto amewalalia mapajani. Binadamu, bwana! Tuyaache.

Na lile jina likaingia mitaani. Mama Kifungo alikuwa amepanga foleni ya nyanya sokoni, amejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, mwanamke wa mbele yake akaangusha pochi bila kujua. Muuza nyanya akamwambia, "Dada, angalia mali yako, usije ukawa Mama Kifungo!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Na yeye akacheka, tena kwa sauti, ili asijulikane. Alifika nyumbani hana nyanya.

Saluni wateja walianza kupungua. Asubuhi moja mlango ulikutwa umeandikwa kwa rangi nyekundu neno ambalo, kwa bahati, Kifungo hakujua kulisoma. Mwenye saluni akamwambia kwa upole apumzike kidogo, na kila aliyewahi kuajiriwa anajua hiyo "pumzika kidogo" inakuwaga na mwisho gani. Akafungasha, akamshika mtoto mkono, akahamia mji mwingine ambako hakuna aliyemjua.

Njiani alikata shauri: huko waendako hatakuwa mama wa mtu. Mama akijulikana, ataulizwa mama nani, na jibu lilikuwa moja tu. Kwanza alipanga kusema kwamba mtoto ni wa dada yake. "Mbele za watu uniite mama mdogo," akamfundisha. Mtoto akakubali vizuri kabisa, lakini kabla hawajafika "mdogo" ilikuwa imeshadondoka, imebaki "mama" peke yake, anaiita kwa sauti mpaka abiria wanageuka. Ikabidi dada afutwe. Mtoto akawa wa kaka.

"Sasa mimi ni nani?" akamuuliza.

"Shangazi," mtoto akajibu, akacheka, akidhani ni mchezo.

Kaka hakuwahi kuwa naye, lakini ukishamzaa kaka kwa mdomo inabidi umlee. Saluni mpya ilikuwa chumba kimoja, viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa, na drai moja inayonguruma kuliko inavyokausha. Mwenye saluni, mjane mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, wote walimwita Bosi. Bosi akataka kujua huyo kaka anafanya kazi gani. Dereva wa malori, yuko safari. Mkewe? Walishaachana. Loo! Hapo ndipo alipojiponza, kwa sababu kuanzia siku hiyo kaka akapata wachumba.

"Mwambie namsalimia," Bosi alimwambia kila Jumamosi. "Mwambie kuna mtu hapa anajua kupika, halafu hasemi sana."

"Wewe husemi sana?" msusi wa kiti cha pili akauliza, na saluni ikalipuka kwa kicheko.

Mama Kifungo alicheka nao na kuleta salamu za uongo za kujibu. Yalikuwa maisha, ukiyatazama kwa mbali. Mtoto akitoka chekechea alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, akichezea vibanio, na wote walimwita Bwana Mdogo. Jina la Kifungo lilibaki chumbani kwao, na hata humo lilianza kutajwa kwa kunong'ona. Mara ya kwanza mtoto alipojigonga mguu akalia "Shangazi!" hata kabla hajafikiri, mama yake alimbeba, akampuliza mguu, akamsifu kwa kukumbuka. Halafu akaingia chooni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akalia kilio cha mtu aliyejiibia mwenyewe.

Mwaka ukazunguka. Magazeti yakakumbuka kifo cha Babu, na maneno yakafukuliwa upya. Siku hiyo aliingia mteja mmoja, mke wa fundi redio, mwanamke mchangamfu mwenye kichwa kikubwa na nywele nzito, akataka rasta ndogo ndogo, zile za kukaa kitini tangu asubuhi mpaka alasiri. Alipovua kitenge alichojifunika, ndani alikuwa na fulana yenye uso wa simba.

Basi Mama Kifungo akasuka. Kila alipoinua macho kwenye kioo alimkuta Babu pale, chini ya kidevu cha mteja, amemkazia macho. Akagawa nywele kwa mkia wa kitana, akaunga rasta, akavuta, akagawa tena. Mdomo wa mteja nao haukupumzika.

"Mimi yule simba nilimlilia, jamani. Na hivi yule mwanamke yuko wapi siku hizi? Mama gani yule?"

"Atakuwa amejificha," msusi wa kiti cha pili akasema.

"Ajifiche tu! Simu, simu, simu! Mtoto anadondoka kwa simba, yeye anachati. Angekuwa karibu yangu ningemzaba kibao. Au nasema uongo, dada?"

Dada ndiye huyo huyo aliyekuwa na kichwa cha mteja mikononi. "Hujasema uongo," akajibu. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Unaivuta, inauma."

"Samahani."

"Lakini wewe nakusamehe," mteja akaendelea, akampigapiga mkono kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Wewe hujazaa, mwenzangu. Uchungu wa mtoto huwezi kuuelewa."

Vidole vikasimama. Alitazama chini, akaona kichwa cha mteja: upande wa kushoto umekwisha, umependeza, upande wa kulia nywele zimesimama. Akasema anaomba dakika kidogo amnawishe mtoto mikono, ale.

Nyuma ya saluni palikuwa na bomba. Kifungo alinyoosha mikono, akanawishwa. Kisha akauliza, "Shangazi, yule mama wa yule mtoto ni mbaya sana?"

"Nani amekwambia?"

"Wote." Akafikiri. "Na wewe umesema."

Mama yake alichuchumaa ili macho yao yalingane. Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika na hakuna aliyeyafunga. "Kifungo, hapa tuko wawili tu. Niite mama."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Niite tu. Hakuna anayesikia. Mchezo umekwisha, baba."

"Sitaki," mtoto akasema. "Mama ndiye aliyesababisha Babu akafa. Mimi nakutaka wewe, shangazi."

Akamkumbatia shingoni, kwa mapenzi yote, huyo shangazi yake. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwasikia watu wazima wakimsema mama yake, na mama yake akiitikia, na mwisho wake amechagua. Tena amechagua vizuri, kama mtoto mwenye akili: amemwacha mbaya, amemchukua mwema. Mwanamke yule alihisi kitu kimemkatika ndani. Tusi la mlangoni halikumfikisha hapo, wala kicheko cha sokoni.

Akafunga bomba, akaingia ndani na mtoto mkononi. Hakwenda kwenye kiti. Alisimama katikati ya chumba, drai inanguruma, akasema, "Mimi ndiye Mama Kifungo."

Mteja akacheka. "Usinichekeshe, rasta zitakaa upande."

"Ni mimi. Nilikuwa natafuta kitambaa nimfute makamasi. Sikuwa na simu. Huyu ndiye Kifungo. Nimemzaa mimi, mwenyewe, kwa uchungu huo mnaousema."

Bosi alizima drai. Kumbe kile chumba kilikuwa na ukimya siku zote, ila hakuna aliyewahi kuupa nafasi. Mke wa fundi alimtazama kwenye kioo, akamtazama mtoto, akaona mstari mweupe wa mkwaruzo ukichungulia chini ya kaptura. Akaangalia fulana yake mwenyewe. Mkono ukapanda kichwani, ukapapasa upande uliosukwa, kisha upande usiosukwa. Alitaka kuondoka, ilionekana wazi, lakini atatokaje mtaani na nusu ya kichwa? Akavuta kitenge, akajifunika kifua mpaka uso wa simba ukapotea. "Mimi sikujua," akasema kwa sauti ndogo.

"Na kaka yako?" Bosi akauliza.

"Sina kaka, Bosi. Sijawahi kuwa naye."

Bosi alikaa chini, taratibu, kwenye kiti cha wateja. Mtu mwingine angeangua kicheko. Lakini mwanamke yule mnene alikuwa ametuma salamu zake karibu mwaka mzima, na zilizokuwa zikirudi alikuwa akizitunza kuliko alivyoonyesha. Akafuta jasho kwa pindo la aproni, akafuta na macho humo humo. Hakutukana, wala hakufukuza mtu. Alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha mambo, naye ameshadanganywa vya kutosha, kwa hiyo safari hii akaamua kumuuliza asiyejua kudanganya.

"Bwana Mdogo, njoo hapa." Akamshika mabega kwa upole. "Usiogope. Niambie mimi. Huyu ni nani wako?"

Kifungo akageuza shingo, akamtazama mama yake usoni kwanza, kama alivyozoea, ajue leo anatakiwa kujibu nini.