Kuku Elfu Ishirini na Mbili na Bando la Megabaiti Tano

Saa saba na dakika arobaini mchana, Nadine Truitt anapanda ngazi fupi, anachomoa antena ya kisanduku cheupe kilichofungwa ukutani na kuitia mfukoni. Kisha anashuka, anaweka kiganja juu ya swichi kuu ya banda namba tatu na kumtazama mwenye banda.

"Nizime?"

Wendell Pusey anageukia banda lake. Mbele yake wamejaa kuku elfu ishirini na mbili wa siku thelathini na nane, wazito, ambao lori la kampuni ya kuku litawafuata baada ya siku tisa. Nje, joto ni nyuzi thelathini na tano. Jenereta ameshaizima mwenyewe, isijiwashe.

"Zima," anasema. "Lakini wakifa, Nadine, jioni utawapika wote wewe."

Swichi inashuka. Feni kumi na mbili zinapunguza mwendo, zinakoroma, zinanyamaza.

Simu ya Wendell iko juu ya ndoo iliyofunikwa. Isipolia ndani ya dakika kumi, kazi ya Nadine ya mwezi mzima imekwenda na maji. Zikifika kumi na tano, kuku wataanza kuanguka.

Huku kwetu wilayani Somerset, banda la kuku halina madirisha ya kufungua. Feni ndizo pumzi zake, na kisanduku kile cheupe ndicho kinachoziamuru. Mambo yakiharibika, kisanduku kinapaswa kumpigia simu mfugaji popote alipo.

Nadine, mwenye umri wa miaka 47, amekuwa fundi wa umeme wa mabanda kwa miaka kumi na tisa. Muda mwingi wa miaka hiyo visanduku vilipiga simu kwa waya za zamani za simu za mezani. Kisha, majira ya baridi yaliyopita, wafugaji wakaletewa barua ya kampuni ya simu: waya zitaondolewa mwisho wa Mei.

Wafugaji kumi na mmoja wenye mabanda arobaini na sita walikutana kwenye ukumbi wa zimamoto na kumpa Nadine kazi ya kuwatafutia mtandao. Sharti lilikuwa moja, usiwe ghali.

"Nilielewa kwa nini," anasema Nadine. "Watu hawa nawajua mpaka mifuko yao."

Kundi la kuku lililopita lilimwachia Wendell dola elfu nne na mia mbili baada ya kulipa gesi, umeme na benki. Ni kazi ya wiki tisa, yake na ya mkewe.

Nadine alileta bei tatu. Setelaiti ilikuwa dola sitini na tano kwa kila banda kwa mwezi. Kampuni kubwa ya simu ilitaka ishirini na mbili. Dalali mmoja wa kadi za simu zinazotiwa kwenye mashine, ambaye Nadine hajawahi kumwona kwa macho, alitaka dola nne, na bando la megabaiti tano.

"Nikajiuliza, mashine inayotaja joto tu inahitaji bando la nini? Haitazami mpira. Nikaona tano zinatosha na kubaki."

Aprili akajaribu kadi moja kwa siku sita. Mnara ulishika vizuri, ujumbe ulifika. Ukumbini watu walipiga makofi. Tarehe mosi Juni akaziwasha kadi zote.

Tarehe kumi Juni, Elwood Mears, mzee wa miaka 71 na mmoja wa wale kumi na mmoja, alikwenda kwa daktari wa meno mjini Salisbury. Nyuma yake swichi ya kinga ikaruka na feni zikasimama. Kisanduku kilijua, lakini simu ya mzee haikulia. Alirudi saa kumi jioni.

"Niliposhuka garini sikusikia feni," anasema. "Nilijua kabla sijafungua mlango."

Walikuwa kuku elfu kumi na tisa. Hakupona hata mmoja.

Nadine alifika baada ya nusu saa. Betri ya kisanduku ilikuwa nzima, antena nzima, mnara ulikuwa hewani. Aliketi garini akampigia dalali, na kijana mmoja mwenye adabu akamjibu kwamba bando lilikwisha jana yake, hivyo kadi imefungwa mpaka mwezi ujao.

Alichukua kalamu. Kiwandani kisanduku kilipangwa kutuma joto kila baada ya sekunde kumi, usiku na mchana, joto libadilike lisibadilike. Hiyo ni zaidi ya mara elfu nane kwa siku. Kwa mwendo huo, megabaiti tano humalizika siku ya tisa. Jaribio lake la Aprili lilikuwa la siku sita.

"Nilipiga hesabu mara ya pili, ikatoka ileile," anasema. "Kadi zote niliziwasha siku moja."

Maana yake mabanda yote arobaini na sita yalikuwa bubu saa ile, katika joto lile, na wenyewe hawajui.

Akiwa amesimama uani kwa Mzee Elwood, harufu ikiwa imeanza kupanda, aliwapigia wengine kumi mmoja baada ya mwingine. Wendell anayakumbuka maneno yake: "Nenda ukakae mlangoni kwa kuku. Usiniulize, nenda tu."

Jioni ile mumewe, Carl, alimshauri amtupie dalali lawama. Dalali alikata bila taarifa, na hilo lilikuwa kweli.

"Nikamwambia Carl, aliyemchagua dalali ni nani? Na nani hakuangalia mashine inasema mara ngapi?"

Kesho yake alirudi kwa Mzee Elwood na kumwambia kosa ni lake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaingia ndani. Hawajazungumza tangu siku hiyo.

Kwenye ukumbi wa zimamoto, watatu walitaka afukuzwe. Wendell ndiye aliyesimama.

"Tulimwambia tafuta rahisi, akaleta rahisi, tukapiga makofi," anasema Wendell. "Sasa makofi yale yalikuwa ya nani?" Walimpa mwezi mmoja, kisha wangempigia kura.

Wengi walidhani atakimbilia setelaiti. Hakwenda huko.

"Mashine ingeendelea kupayuka vilevile, na sisi tungelipia kila neno," anasema.

Alianza na kisanduku chenyewe. Sasa kinatuma salamu fupi kila baada ya dakika tano, na kikiona hatari kinasema papo hapo. Kwa mwezi hakifikishi megabaiti moja. Kisha akatafuta kadi za kampuni nyingine, dola sita, zinazoweza kuhama kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Bando ni la mabanda yote kwa pamoja, na likifika nusu, Nadine anapata ujumbe.

Jambo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi. Kompyuta ya kampuni hiyo ya kadi ikikosa salamu mbili mfululizo kutoka banda lolote, inampigia mwenye banda.

"Zamani kisanduku kikinyamaza, sisi tulisema ni salama," anasema. "Elwood alikuwa kwenye kiti cha daktari akiamini hivyo."

Wendell ndiye aliyedai jaribio la leo liwe hivi, feni na mtandao vife kwa pamoja. Siku ile kwa Mzee Elwood vyote viwili vilikuwa vimekufa.

Dakika ya sita, joto la bandani limepanda kutoka nyuzi ishirini na nane hadi thelathini na mbili. Kuku wamenyoosha shingo, midomo wazi. Sauti yao imebadilika, imekuwa ya chini, ya pamoja.

Dakika ya nane, mkono wa Wendell uko kwenye swichi.

"Nadine."

"Bado."

"Nadine, hawa si wako."

"Najua si wangu. Bado."

Jasho linamdondoka Nadine kidevuni na hajifuti. Macho yake yako juu ya ndoo.

Dakika ya tisa na sekunde ishirini, simu inatetemeka. Wendell anapandisha swichi kabla hajaipokea. Sauti ya mashine inasema banda namba tatu limenyamaza. Feni zinavuma, manyoya yanaruka, na Nadine anatoa antena mfukoni na kupanda ngazi.

Wendell anazunguka bandani. Anarudi na kuku wawili waliokufa, idadi ya siku yoyote ya kawaida, na kuwatupa nje.

"Jumatatu utapata kura yangu," anasema. "Chai ya barafu iko jikoni."

Kwa Mzee Elwood banda ni tupu. Anasafisha mabomba ya maji, maana vifaranga wapya watafika tarehe mbili Agosti.

"Sina ugomvi naye," anasema bila kuacha kazi. "Kampuni yoyote ingeniletea barua. Yeye alikuja mwenyewe, akasimama hapo uliposimama wewe. Sikumjibu kwa sababu ningesema si kitu, na kilikuwa kitu."

Na kisanduku cha vifaranga atakifunga nani?

"Hajaja kuniuliza."

Maneno hayo yanapomfikia Nadine, anakunja waya aliokuwa nao mkononi.

"Nitakwenda Jumapili, baada ya kanisa. Vifaa vitabaki garini. Nitamweleza kwanza jinsi kisanduku kinavyoweza kukosea, halafu jinsi kinavyofanya kazi."

Na akikataa?

"Ni haki yake. Nitamtafutia fundi mwingine. Na huyo fundi nitamwambia, kabla hajauliza bei ya mtandao, akae na mashine siku nzima, ahesabu inasema mara ngapi."